Mitende Kumi na Mmoja

Kila Jumatatu asubuhi picha mpya zilishuka kutoka angani, na kila Jumatatu Balqis aliifungua picha ya Qurayyat kabla ya kufungua mahali pengine popote.

Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Ofisini kwao, ghorofa ya tano huko Khuwair ya Kusini, Maskati, kila mtu alikuwa na kompyuta yake na shughuli zake. Kazi ya Balqis ilikuwa kuifunza akili mnemba kuisoma mitende ya nchi nzima kwa picha za setilaiti: mtende upi mzima, upi una kiu, upi umeingiwa na susa, yule mdudu mwekundu anayeutafuna mtende kwa ndani mpaka siku moja ukaanguka wenyewe. Jicho la mtu huona makuti ya kijani tu. Setilaiti hunasa na mwanga mwingine ambao sisi hatukujaaliwa kuuona, na mtende unaoumwa huurudisha mwanga huo kwa unyonge, wiki kadhaa kabla haujaanza kunyauka. Hapo ndipo mashine ya Balqis ilipokuwa ikiugundua na kuutia rangi nyekundu.

Jumatatu hiyo aliisogeza picha taratibu. Akaupita mji, akaipita barabara kuu, akafika mashambani. Pale, baina ya mashamba mawili ya kijani, palikuwa na kipande cha ardhi tupu, cheupe. Pembeni mwake palikuwa na kidoa kidogo cha mstatili, na mashine ilikuwa imekwisha kukizungushia mstari wa manjano na kuandika neno moja: gari.

Balqis alijua gari la nani. Hakuona mtu, wala kivuli cha mtu. Alikikazia macho kidoa kile mpaka machozi yakamlenga.

"Juzi saa nne asubuhi alikuwa hapa," alijisemea. "Yu hai, mzima, na alikuwa hapa."

Mwenye gari alikuwa Suud bin Hamdan. Yeye ndiye aliyekuwa akihakiki kwa miguu yale ambayo mashine iliyasema kwa mbali. Mashine ikitia nyekundu, Suud huondoka akaenda kuugonga mtende kwa mkono, akatega sikio, akanusa shina, kisha akampigia Balqis simu. Hivyo ndivyo walivyojuana.

"Mgonjwa wako nnaye hapa mbele yangu," alimwambia mara ya kwanza kabisa. "Hana maradhi yoyote. Ana vumbi. Wanapasua barabara hapo jirani."

"Una hakika?"

"Nimempangusa uso. Njoo umwone."

Balqis alicheka peke yake mezani, kisha akarudi kuifunza mashine tofauti ya vumbi na ugonjwa. Baada ya hapo Suud akawa anapiga simu hata siku ambazo hapakuwa na mtende mwekundu. Kwa muda wa mwaka na nusu walionana ana kwa ana mara nne tu, na mara zote mbele za watu. Mara ya nne, katika mkutano wa kazi, Suud alimpa sahani ya tende na hakuiachia upesi. Balqis alirudi nyumbani Ghubra akiwa hajui njia aliyopita. Siku chache baadaye Suud akamwambia kuwa baada ya Idi babaake, Mzee Hamdan, angekuja kuposa.

Kisha, wiki tatu kabla ya Idi, mashine ikalitia nyekundu shamba la Mzee Hamdan.

"Umeliona?" Suud alimwuliza kwenye simu. Sauti yake siku hiyo ilikuwa ya mtu mwengine.

"Nimeliona."

"Ni shamba la baba, Balqis."

"Najua."

"Nipe wiki mbili. Pengine ni kiu tu, mfereji wa falaji umepungua maji mwaka huu. Ntamwagilia mwenyewe, kisha utazame tena."

"Mashine inasema asilimia themanini na tatu."

"Si mia."

"Si mia. Lakini kama ni susa, wiki mbili zinamtosha kuhamia kwa jirani zenu wote. Na wao wana mitende waliyoirithi."

"Sikwambii uandike uwongo. Nnakuomba ungoje tu."

"Siwezi, Suud. Nisamehe."

"Haya," alisema, na simu ikakatika.

Kwa kuwa shamba lilikuwa la babaake, alitumwa mkaguzi mwengine. Yule akapasua mitende sita, akamkuta susa ndani ya yote sita, akaridhika na maneno ya mashine kwa iliyobaki. Ikang'olewa mitende sitini na nne, ikachunguzwa kwa ndani, ikasagwa. Ripoti ya mwisho ilipofika mezani kwa Balqis, aliisoma mara mbili. Hamsini na tatu ilikuwa na susa. Kumi na mmoja ilikuwa mizima.

Idi ikaja, ikapita. Mzee Hamdan hakuja Ghubra. Maneno yaliyomfikia Balqis kwa watu ni kwamba mzee amesema, mlango wa yule binti hataugonga. Na Suud hakupiga simu tena. Miezi miwili sasa.

"Balqis, nisikize kidogo." Alikuwa Wilkister, mhandisi kutoka Kisumu aliyeketi meza ya pili, mtu pekee ofisini aliyejua mambo haya. Alikuwa ameshika karatasi. "Hii barua imeingia leo. Suud anaenda Salalah. Mwaka mzima, kuangalia minazi na migomba ya huko. Anatoka Jumamosi hii."

"Nani aliyemhamisha?"

"Hajahamishwa. Ameomba mwenyewe. Imeandikwa hapa."

Balqis aliichukua barua, akaliona jina na sahihi. Akaikunja, akairudisha.

"Si umpigie tu?"

"Nimwambie nini, Wilkister?"

"Mwambie ukweli. Yaani wewe unaweza kuambia nchi nzima mtende gani unakufa, na huwezi kuambia jamaa mmoja kwamba umekonda juu yake?"

Balqis alijaribu kucheka. Akaifunika kompyuta, akaenda msalani, akafungua bomba la maji ili watu wasimsikie.

Nyumbani, Bi Zakiya, mama yake, alikuwa akitia iliki kwenye chai ya alasiri. Mdogo wake Bi Zakiya, Mahfoudha, alikuwa amekaa pembeni akidarizi kofia. Baba yake Balqis, Bwana Yaarub, alikuwa msikitini. Hata angekuwepo, alikuwa mtu aliyemwachia mkewe maneno yote ya nyumba.

"Muatasim amepata likizo ya siku kumi," Bi Zakiya alisema bila kugeuka. "Mamaake kanipigia leo. Anakuja kutoka Uingereza, na safari hii anataka jibu. Daktari, mtoto wa nyumbani, tunamjua tangu anatambaa."

"Mama, Muatasim ni ndugu yangu."

"Ni binamu yako. Na yule wa Qurayyat ni nani yako? Alikuja? Hakuja. Babaake alikuja? Hakuja. Mie tangu mwanzo sikutaka, nikanyamaza kwa ajili yako. Watu wa mashamba wale, hawazijui desturi zetu. Mwanamume anayetaka mke hapotei kama maji mchangani."

Balqis alivuta pumzi. "Nnataka kwenda kwao. Ijumaa asubuhi."

Kijiko kikakoma kwenye birika. "Binti wa watu hamfuati mwanamume, Balqis."

"Simfuati yeye. Nakwenda kwa babaake. Nna neno lake."

"Neno gani?"

"Mitende kumi na mmoja aliyokatiwa ilikuwa mizima. Nimekosea mie. Na mpaka leo hakuna mtu aliyekwenda kumwambia."

Bi Zakiya akamtazama bintiye kwa muda mrefu. Ndipo Mahfoudha aliponyanyua uso kutoka kwenye kofia yake.

"Ntampeleka mie, dada."

"Mahfoudha."

"Nimeishiwa na ndimu. Za Qurayyat ndizo nzuri."

Bi Zakiya akajua kuwa wamemshinda kwa siku ile. "Muwe mmesharudi kabla ya chakula cha mchana," alisema, akaondoka na chai yake bila kuimimina.

Ijumaa waliondoka mapema. Milima ilipoisha na mashamba yakaanza, Balqis hakuhitaji kuuliza njia. Alikuwa akiijua kila kona kwa juu, ila hakuwahi kuifikiria harufu yake, ya udongo uliomwagiwa maji na kuni. Wala hakufikiria kwamba kile kipande cheupe kingekuwa kikubwa hivyo mtu akisimama kwenye ukingo wake.

Mzee Hamdan alikuwa humo, mwembamba, dishdasha ameipandisha magotini, akiokota vipande vya mizizi na kuvirundika. Alizaliwa Pemba akaletwa Oman akiwa kijana mdogo, na Kiswahili cha Pemba hakikumtoka ulimini.

"Assalamu alaykum, ami," Balqis alisema.

"Waalaykum salaam. Nyiye nani?"

"Mie Balqis binti Yaarub. Kutoka Ghubra. Huyu ni khalati yangu, mdogo wake mama."

Mzee aliweka chini mzizi aliokuwa ameushika. Alimtazama usoni, akamtazama viatu vyake vilivyojaa udongo, akarudi usoni.

"Ndiye wewe."

"Ndiye mie."

"Nilidhani u mrefu zaidi." Akajipangusa mikono. "Karibuni kivulini. Mgeni hasimamishwi juani, hata awe nani."

Aliwakalisha kwenye mkeka barazani, akawaletea tende na dele la kahawa, akamimina mwenyewe. Balqis hakugusa finjani yake. Alihofu kwamba akinywa tu, ujasiri utamwishia.

"Ami, mitende yako iliyokatwa ilikuwa sitini na nne. Hamsini na tatu ilikuwa na susa. Kumi na mmoja haikuwa na kitu. Mashine ilikosea, na mashine nimeifunza mie. Nimekuja kukwambia hivyo kwa kinywa changu, na kukuomba radhi."

Mzee Hamdan alikaa akiitazama ardhi yake.

"Kumi na mmoja," alisema mwishowe. "Ndiyo. Niliipapasa mmoja mmoja ilipolazwa. Minne ilikuwa ya khalas, zile tende tamu kuliko zote. Mmoja niliupanda wiki aliyozaliwa Suud. Ulikuwa mzima ule. Mzima kama wewe ulivyo."

Balqis aliinamisha kichwa. Mahfoudha, kando yake, alimwekea mkono mgongoni.

"Mwanangu alikuomba wiki mbili. Alinambia mwenyewe. Kwa nini usingoje?"

"Kwa ajili ya jirani zako, ami. Mpaka leo nnajiuliza, na kila nikijiuliza jibu ni lile lile. Kosa langu ni ile kumi na mmoja. Kutongoja sikukosea."

Mahfoudha aliufinya mgongo wake kidogo, kumwambia anyamaze. Lakini Mzee Hamdan alikuwa akitikisa kichwa polepole, mtu anayekubali jambo lisilo tamu.

"Wale pale wamesalimika," alisema, akionyesha mashamba ya kulia na kushoto. "Kila asubuhi nnawaona wanamwagilia. Nnafurahi nao, na nnaona uchungu, vyote kwa pamoja. Sikiza, binti yangu. Walikuja watu na matingatinga. Wakaja watu na karatasi, nikatia sahihi. Hakuna hata mmoja aliyekaa hapa akanywa kahawa yangu. Mitende sitini na nne inatoka, na hapana wa kunipa pole. Nilisema mlango wako sitaugonga kwa sababu hiyo. Nilikuwa nikikungoja wewe uje. Umechelewa miezi miwili."

"Nimechelewa, ami."

"Kunywa kahawa. Inapoa."

Balqis akanywa. Ilikuwa imekwisha kupoa, lakini aliimaliza yote.

Hapo gari liliingia kwenye njia ya shamba. Suud alishuka, akafunga mlango, akageuka, akamwona. Alisimama alipo. Alikuwa amekonda, na ndevu zake hazikupata wembe siku kadhaa. Balqis akaiweka finjani chini.

"Nenda ukazungumze naye," mzee alisema, akamimina kahawa nyengine kwa Mahfoudha. "Sisi tunakuoneni kutoka hapa."

Walisimama hatua tatu baina yao, kwenye ukingo wa ardhi tupu.

"Umekuja," Suud alisema.

"Nimekuja kwa babaako."

"Najua. Mie sina haki ya kujiwa."

"Kwa nini hukunipigia?"

Suud alitazama chini. "Kila nikishika simu nnaisikia sauti yangu ikikwambia ungoje. Mie mkaguzi, Balqis. Miaka sita nawang'olea watu mitende yao nikiwaambia wawe na subira. Zamu ilipofika kwetu, nikataka nifichiwe. Wewe ukasimama penye haki peke yako, na mie niliyejidai nakupenda ndiye niliyekusukuma utoke. Nimeona haya. Ndiyo hayo tu."

"Mie nilidhani umenichukia."

"Ningekuwa nimekuchukia ningelala usingizi."

Balqis aligeuza uso upande wa mashamba mabichi. "Nilikuwa nikikuona. Gari lako, hapa. Kila Jumatatu."

"Nilijua."

"Ulijua vipi?"

"Najua siku ya setilaiti kupita na saa yake, kazi yangu si hiyo? Basi kila siku hiyo nikija nikilisimamisha pale peupe, nikikaa ndani mpaka ipite." Alinyanyua macho, na kwa mara ya kwanza yakakutana na yake bila kukimbia. "Sikuwa na uso wa kukupigia. Nikasema angalau aone kuwa nipo."

Hatua zile tatu zikawa ndefu kuliko njia ya kutoka Maskati. Alitamani kuishika ile mikono iliyojaa alama za miiba ya mitende. Akaikunja yake ndani ya abaya.

"Basi usiende Salalah."

"Nimetia sahihi, na wengine wameshapangwa mahali pangu. Kesho saa tatu asubuhi naondoka."

"Mwaka, Suud."

"Mwaka. Niliomba kwa sababu nilidhani hapa hapana tena wa kumkalia. Ningejua utakuja leo..."

Hakuimaliza, kwa maana Mzee Hamdan alikuwa amesimama barazani na anawaita. Walipomkaribia, alimtazama mwanawe, si Balqis.

"Wewe nenda kazini kwako, umejitakia mwenyewe. Mie Salalah sendi. Alkhamisi ntakwenda Ghubra."

Alkhamisi alasiri alikwenda kweli, dishdasha nyeupe iliyopigwa pasi, kilemba kimefungwa vizuri, na kikapu cha tende alizonunua kwa jirani. Bwana Yaarub alimpokea. Bi Zakiya alikaa wima kwenye kiti chake, uso umefungika, chai ya kawaida katika vikombe vya kawaida mbele yao. Balqis alisikiliza nyuma ya pazia la jikoni.

"Kijana mwenyewe yuko wapi?" Bi Zakiya aliuliza.

"Salalah, bibi. Nimekuja mie kwanza, kwa sababu mie ndiye niliyechelewesha. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu nimewatwisha watoto."

"Na mwanangu akae mwaka mzima angoje? Anaye mwengine anayemtaka, daktari, na yuko tayari leo."

"Nimesikia. Nami sikuja kusema mwanangu ni bora kuliko daktari. Nimekuja kusema binti yako alikuja shambani kwangu, akaniambia kosa lake usoni, na pale aliposimama na haki hakurudi nyuma hata kwa kunipendeza mie, mtu ambaye yeye alikuja kumwomba radhi. Nimeishi miaka sabini na mbili, bibi. Mtu huyo nnamtaka nyumbani kwangu. Mkininyima, ntarudi na salamu zangu, na tende nakuachieni."

Bi Zakiya aliita, "Balqis, njoo."

Balqis alitoka, akasimama karibu na baba yake.

"Umemsikia ami yako. Unasemaje?"

"Ntangoja, mama."

"Mwaka mzima?"

"Hata ukizidi."

Bi Zakiya alinyanyuka, akapita jikoni. Balqis akamfuata. Alimkuta mama yake amepanda kigoda, anatoa kwenye kabati la juu zile finjani za mistari ya dhahabu zilizotoka na harusi yake, ambazo hazikupata kushuka hata siku ya Idi. Alikuwa akizipangusa moja moja kwa ncha ya mtandio wake, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Usinitazame," Bi Zakiya alisema. "Chemsha kahawa. Na uitie zaafarani."

Balqis aliteleka kahawa. Ilipoanza kunukia, alitoka uwanjani nyuma ya nyumba, penye kamba za kuanikia nguo, akaipiga ile namba ambayo kwa miezi miwili alikuwa akiitazama tu. Iliita mara moja.

"Wamesema nini?" Suud aliuliza. Nyuma yake kulisikika upepo kwenye minazi, mkubwa, wa mbali.

"Mama ametoa finjani zake za harusi."

Balqis alisikia pumzi yake ikipanda na kushuka, mtu aliyezuia kilio kwa siku nyingi na sasa hana nguvu za kukizuia. Aliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Naja," Suud alisema mwishowe. "Kesho naomba ruhusa, naja."

"Usije sasa. Maliza kazi uliyotilia sahihi." Alifumba macho. Maili mia sita na zaidi za mchanga zilikuwa baina yao, na mwaka mzima juu yake, na mwili wake wote ulikuwa ukimtaka awe hapa, uwanjani, sasa hivi. "Lakini nipigie, Suud. Kila siku unipigie. Kisha urudi."

"Ntarudi."

Ndani, mama yake alikuwa akimwita alete kahawa. Balqis alisimama palepale kidogo zaidi, asikate simu, naye Suud asikate, wakisikilizana tu.